Saa ya Jasho Haili Saa ya Hisabati

Kipindi cha elimu ya viungo, yaani PE, kimo kwenye ratiba ya shule ya sekondari, kimeandikwa kwa wino uleule wa Hisabati na Kemia. Lakini muulize mwanafunzi wa Rangwe, wa Asumbi, au wa popote kati ya Homa Bay na Migori, wiki iliyopita kipindi hicho kilipitaje. Mmoja atakwambia mwalimu wa Hisabati aliingia kumalizia silabasi. Mwingine atasema walifua sare. Wa tatu alilala kidogo juu ya dawati. Wachache tu, walio kwenye timu ya shule, watasema walikuwa uwanjani, kwa kuwa mashindano yalikuwa yamekaribia.

Anayeamua hivyo si mtu mbaya. Ni mwalimu anayejua kwamba mwisho wa safari atapimwa kwa alama za mtihani, na chini ya mfumo wa 8-4-4 PE haikuwahi kutahiniwa kwenye mtihani wa taifa wa KCSE. Kwake yeye, dakika 40 za uwanjani ni dakika 40 zilizotolewa kwenye mtihani. Mzazi naye, aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo, haoni sababu ya kumlipia mtoto akimbizane na mpira ambao angeukimbiza bure nyumbani.

Sasa mambo yamebadilika, angalau kwenye karatasi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari pevu, baada ya kutakiwa kuchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya vitu viwili. Mkondo wa michezo ni wa anayetaka kuifanya michezo kazi yake: mwanariadha, kocha, mtaalamu wa tiba ya viungo. PE ni ya kila mtu, hata binti anayetaka kuwa daktari na ambaye hajawahi kufunga bao maishani mwake. Makala haya ni ya huyo binti.

Hofu ya mwalimu na mzazi imekwishapimwa, tena kwa muda mrefu. Mwaka 1970, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, watafiti Roy Shephard na Hugues Lavallée walianza jaribio ambalo bodi nyingi za shule zingelikataa kabla ya chai kuletwa. Walichukua shule mbili za msingi, moja ya mjini Trois-Rivières na nyingine ya kijijini Pont-Rouge, zenye wanafunzi 546 kwa jumla. Baadhi ya madarasa yalipewa saa moja zaidi ya mazoezi kila siku ya shule, yakifundishwa na walimu waliosomea kazi hiyo. Saa hiyo haikuongezwa jioni. Ilikatwa kutoka masomo mengine, hata muda wa masomo ya darasani ukapungua kwa takriban asilimia 13 hadi 14. Kisha wakawalinganisha watoto hao na wale wa madarasa yaliyowatangulia na yaliyowafuata katika shule zilezile, ili mtu asije akasema tofauti imetokana na kijiji au na umaskini wa wazazi.

Mwaka wa kwanza waliofanya mazoezi hawakuwa mbele. Mtu mwenye haraka angefunga jaribio hapo hapo. Lakini kuanzia darasa la pili hadi la sita, watoto waliopunguziwa masomo ndio waliopata alama za juu zaidi, Hisabati ikiwemo.

Tusiukuze ushahidi huu kuliko ulivyo. Wale walikuwa watoto wa msingi, walikuwa na walimu wenye ujuzi na nyenzo, na huenda wenzao wa Rangwe wanagombania mpira mmoja uliopasuka mshono. Jaribio hilo halithibitishi kwamba mpira unafundisha hesabu. Linathibitisha jambo dogo lakini zito: ukikata saa za darasani ukazipeleka uwanjani, alama hazishuki. Dai la kwamba PE inakula mtihani lilipata nafasi nzuri kabisa ya kujidhihirisha pale Quebec, kwa miaka, mbele ya watu wenye kalamu. Halikujidhihirisha. Na miaka ishirini kabla yake, katika kitongoji cha Vanves karibu na Paris, daktari Max Fourestier alikuwa ameweka masomo asubuhi na michezo alasiri, na huko pia watoto hawakuporomoka.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu la zamani lilikuwa kwamba mtoto akichoka vizuri hutulia. Lina ukweli, lakini wataalamu wa ubongo wameingia ndani zaidi. Mwaka 1995 kikundi cha Carl Cotman katika Chuo Kikuu cha California kilionyesha kwamba panya wanaokimbia kwenye gurudumu hutengeneza kwa wingi zaidi kemikali ya ubongo iitwayo BDNF, ambayo husaidia chembe za neva kuishi na kuungana. Mwaka 1999 Henriette van Praag, Gerd Kempermann na Fred Gage wa taasisi ya Salk wakaenda mbele: panya waliokimbia walizaa chembe mpya za neva katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kabla ya miaka ile wanafunzi wengi wa udaktari walifundishwa kwamba mtu mzima haongezi chembe za ubongo, anapunguza tu.

Panya si mwanafunzi wa Gredi ya 10, najua. Ndiyo maana utafiti unaonivutia zaidi ni wa watu, tena vijana wa umri huu huu. Nchini Uswidi, kwa miaka mingi, vijana wa kiume walipofika miaka 18 walipimwa kabla ya kuingia jeshini: pumzi na moyo, nguvu za misuli, na akili. Maria Åberg na wenzake walizikusanya rekodi za wanaume milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1950 na 1976, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliokuwa na moyo na mapafu imara walipata alama za juu katika vipimo vya akili. Nguvu za misuli peke yake hazikuonyesha uhusiano wa maana. Na waliojenga pumzi zao kati ya umri wa miaka 15 na 18 walifanya vizuri kuliko wale ambao pumzi zao zilishuka katika miaka hiyo. Watafiti waliwapima hata mapacha wa kufanana, ambao wamerithi mambo yaleyale, na tofauti ikabaki. Kati ya miaka 15 na 18 ndio umri wa sekondari. Ni miaka hiyohiyo ambayo sisi tunamwambia kijana akae chini asome, michezo aiachie watoto wa msingi.

Kuna la kutumia hapa kesho asubuhi bila kununua chochote. Charles Hillman, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, aliwatembeza watoto 20 kwa dakika 20 kwenye mashine ya kutembelea, akawapumzisha, kisha akawapa kazi ya kuzingatia na ya kusoma. Walifanya vizuri zaidi kuliko siku walipokuwa wamekaa tu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2009. Ikiwa hivyo ndivyo, kipindi cha PE kuwekwa Ijumaa alasiri, jua likiwa kali na akili zimeshafika nyumbani, ni kukipoteza mara mbili. Kiwekwe asubuhi, kabla ya Hisabati. Mwalimu wa Hisabati ndiye atakayefaidi.

Nafika sasa kwenye hoja ambayo mzee yeyote wa Rangwe ataitoa, na ni hoja ya haki: watoto wetu wanafanya kazi. Wanalima, wanateka maji, wanachunga ng'ombe, wanatembea kwenda shule. Hayo mambo ya saa moja kwa siku ni ya watoto wa Ulaya wanaokaa mbele ya runinga.

Kwa sehemu mzee ana haki, na sayansi ya Kenya yenyewe inamuunga mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia vijana 30 wa Kinandi, wa kike na wa kiume, wa umri wa miaka kama 14. Hawakuwa wanariadha. Kwa wastani walikuwa wakitembea na kukimbia kama kilomita 7 na nusu kwa siku kwenda na kurudi shuleni, na uwezo wao wa kutumia hewa ulikuwa wa kiwango ambacho wanariadha waliofunzwa Ulaya wangejivunia. Mtoto wa namna hiyo hana deni la PE kwa mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linataka kijana wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kujongea kwa nguvu ya kati au zaidi. Huyu amezimaliza kabla ya kengele ya kwanza kulia.

Lakini mtoto huyo anazidi kuadimika. Jijini Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakiongozwa na Vincent Onywera waliwafunga watoto zaidi ya 500 wa miaka 9 hadi 11 vifaa vidogo vya kupima mwendo kiunoni. Takriban mtoto mmoja tu kati ya wanane alifikisha dakika 60. Dunia nzima hali ni hiyohiyo: hesabu zilizokusanywa kutoka nchi 146 kati ya 2001 na 2016, zikiwahusu wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17, zilionyesha kwamba asilimia 81 hawafikishi. Wavulana ni asilimia 78, wasichana 85.

Rangwe si Nairobi, lakini bodaboda imefika. Mzazi anayejiweza kidogo humlipia mtoto nauli, na simlaumu, kwa maana barabara ina hatari zake, hasa kwa binti anayerudi jioni. Tena yupo mwanafunzi wa bweni. Huyu ndiye aliyesahaulika kabisa katika hoja ya mzee. Halimi, hachungi, hateki maji. Kutoka kitandani hadi darasani ni hatua chache. Anaamshwa kabla ya alfajiri kwa prepu, anakaa. Masomo yanaanza, anakaa. Jioni prepu tena, anakaa. Mtoto wa mkulima, aliyezoea kutembea tangu alipojua kusimama, analipiwa pesa nyingi ili afundishwe kukaa.

Mwili haukawii kutoa jibu. Mwaka 1966 mjini Dallas, nchini Marekani, Bengt Saltin kutoka Uswidi na wenzake waliwalaza kitandani vijana watano wa kiume wa umri wa miaka 20 kwa wiki tatu. Uwezo wa miili yao kutumia hewa ulishuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wanaume walewale watano walipimwa tena, sasa wakiwa na vitambi, ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Muhula mmoja wa shule una wiki nyingi kuliko hizo tatu. Bweni si kitanda cha hospitali, lakini ukilitazama gurudumu la prepu, darasa na prepu, unaona mwili unaelekezwa upande gani.

Na ukitaka kuona mwisho wake, tazama mabasi. Mwaka 1953 Jerry Morris, daktari wa London, alichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi yale mekundu ya ghorofa mbili. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Mshahara wao haukutofautiana sana, mitaa waliyoishi ni ileile. Makondakta waliugua moyo kwa kiwango cha chini, na walipougua, wengi waliugua kwa wepesi na wakiwa na umri mkubwa zaidi. Morris mwenyewe alikufa mwaka 2009, akiwa na miaka 99. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu. Hao nao waliwahi kuwa wanafunzi.

Kuna jambo jingine ambalo jembe halilimalizi, nalo ni mifupa. Kijana anapoingia kwenye miaka ya kurefuka haraka, mfupa hujaa madini kwa kasi ambayo haitarudi tena. Uchunguzi wa muda mrefu uliofanywa Saskatchewan, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba karibu robo ya madini yote ya mfupa wa mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu inayozunguka kilele cha kujaa kwa madini hayo. Na mfupa hupokea madini zaidi pale unapogongwa. Wafini walilionyesha hilo kwa njia ya kupendeza mwaka 1995, walipowapima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi, mchezo wa kupiga mpira ukutani. Mkono wa raketi ulikuwa na mfupa mzito kuliko mkono mwingine wa mtu huyohuyo. Waliokuwa wameanza kucheza kabla ya kuvunja ungo au karibu na wakati huo, tofauti kati ya mikono yao miwili ilikuwa mara mbili hadi nne ya ile ya waliochelewa.

Wasichana wetu hawana raketi, lakini wana kamba, na wana blada ya kuruka. Kuruka ni kuugonga mfupa wa nyonga na wa mguu, mara kwa mara, bila gharama. Huko Oregon, Marekani, watoto waliorukishwa kutoka kwenye visanduku, miruko 100 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa miezi saba, walipata mfupa zaidi nyongani na kiunoni kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Yaani mchezo ambao mwalimu wa zamu huwafukuzia wasichana wa Gredi ya 7 kwa kuwa "wamekuwa wakubwa" ndio mchezo ambao mifupa yao inauhitaji hasa wakati huo. Bibi mwenye umri wa miaka 70 akianguka kisimani akavunjika nyonga, sehemu ya kisa hicho iliandikwa alipokuwa na miaka 13.

Hapa ndipo tunapokutana na kiini cha jambo. PE ya shule nyingi za sekondari ni mpira wa miguu kwa wavulana na netiboli kwa wasichana. Anayeweza anacheza, asiyeweza anashika majaketi. Waliokwisha kuwa imara huzidi kuwa imara, na waliohitaji zaidi hukaa chini ya mti. Je, kumpa mwanafunzi uchaguzi kunabadilisha kitu, au ni maneno matamu ya warsha?

Russell Pate na wenzake walilijaribu hilo katika shule 24 za sekondari za jimbo la Carolina Kusini, Marekani. Katika nusu ya shule hizo, PE ya wasichana ilipangwa upya: wafanye mazoezi bila kuchekwa na wavulana, wachague wenyewe, na uchaguzi huo uende mbali zaidi ya michezo ya timu hadi kucheza muziki, kujilinda kwa mikono, kunyanyua vyuma na hata kutembea kwa kasi. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Katika shule zilizobadilika, asilimia 45 ya wasichana walisema wanafanya mazoezi ya nguvu mara kwa mara. Katika shule zilizobaki na desturi yao, asilimia 36. Si muujiza. Ni wasichana tisa zaidi katika kila mia moja, kwa kubadilisha kilichomo ndani ya kipindi tu.

Tafsiri yake kwa Rangwe haihitaji vifaa vya Marekani. Waluo walikuwa na adhula, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo zilizopinda, ndugu wa hoki, kabla hoki haijafika na meli. Fimbo zinapatikana. Ngoma ya ohangla ni mazoezi ya moyo hata kama mchezaji hajijui kwamba anafanya mazoezi. Voliboli inataka kamba mbili na mpira mmoja, na uwanja wake unatosha pale ambapo uwanja wa mpira wa miguu hautoshi. Wapo watakaochagua kutembea kwa kasi wakizungumza, waachwe. Kuogelea tu ndiko nisikokushauri: ziwa liko karibu na linatamanisha, lakini majini mna konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Hao viboko na mamba siwataji.

Kama mwalimu anataka kujua shughuli gani inahesabika, asihangaike na saa za kidijitali. Kipimo kinachokubalika na wataalamu ni mdomo. Mwanafunzi akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, yumo kwenye nguvu ya kati. Akitoa maneno mawili matatu kisha akatafuta pumzi, yumo kwenye nguvu kali. Akiimba beti zote bila shida, anatembeatembea tu. (Mwimbaji wa ohangla aliyezoea kucheza na kuimba usiku kucha atabisha, yeye ahesabiwe peke yake.)

Ipo sababu moja ya kienyeji kabisa ya kuwa na walimu wanaojua PE badala ya yeyote asiye na kipindi wakati huo. Ukanda wa ziwa ni nchi ya malaria, na kwa hiyo ni nchi ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Uhusiano huo ulithibitishwa kwa sehemu kupitia miili ya Waluo. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba jeni ya selimundu imejaa kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko wa nyanda za juu. Baadaye aliwaambukiza malaria Waluo 30 waliojitolea, jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingelipitisha. Kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 walipata malaria. Kati ya 15 waliokuwa nayo kutoka kwa mzazi mmoja, ni wawili tu. Alichapisha mwaka 1954.

Kwa hiyo katika darasa la wanafunzi 50 Rangwe, uwezekano ni mkubwa kwamba kadhaa wamerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, na wengi wao hawajui. Hawaumwi. Lakini swali la PE linabaki: wakikimbizwa juani, wako salama? Jibu bora tulilo nalo lilitoka mwaka 2016, kutoka kwa rekodi za wanajeshi 47,944 wa Marekani wenye asili ya Afrika. Wenye jeni moja hawakufa zaidi ya wenzao. Ila hatari ya misuli kuvunjikavunjika kwa sababu ya kazi nzito, hali inayoweza kuziba figo, iliongezeka kwa asilimia 54. Uvutaji wa tumbaku uliongeza hatari hiyo kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Jeshi lile lina desturi ya kunywesha watu maji, kuwapumzisha na kuwaongezea mazoezi polepole, na huenda hiyo ndiyo sababu vifo havikuongezeka.

Somo la hapo si kuwatoa watoto uwanjani. Maji yawepo kando ya uwanja, mazoezi yapande wiki kwa wiki, na mwanafunzi anayesema misuli inamkaza aaminiwe mara moja bila kuitwa mvivu. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, naye asifungiwe darasani: mazoezi mepesi, mapumziko mengi, maji ya kutosha, asilowe kwenye baridi, na daktari wake aseme mpaka uko wapi.

Na ikomeshwe ile adhabu ya kuzungushwa uwanja. Kumchukua mwanafunzi aliyekaa tangu alfajiri, hajanywa maji, ukamkimbiza mizunguko kumi saa nane mchana kwa sababu alichelewa, ni kumweka mwenye jeni hiyo mahali pabaya zaidi kuliko mchezo wowote. Wenzake waliobaki salama nao wamefundishwa kitu: kwamba kukimbia ni adhabu. Kisha tunashangaa wakifika miaka 40 hawataki kupanda hata ngazi.

Mkutano wa wazazi unakuja kila mwaka, na bajeti ya michezo husomwa haraka karibu na mwisho, watu wakiwa wameanza kutafuta viatu vyao. Mzazi, inua mkono hapo. Timu ya shule ina wachezaji kama ishirini, shule ina mamia. Bodi ikiwa na shilingi elfu kumi za michezo, inunue kamba za kuruka, mipira na madumu ya maji kwanza. Jezi za timu zinaweza kungoja muhula ujao.